Je, Yafaa Mlinzi wa Ghala Awe Mgawaji wa Nafaka?



Siku ya Jumapili, ibada ikiisha, watu wangali wakisalimiana mlangoni, wazee wawili au watatu huketi mezani na kuhesabu sadaka. Mmoja huhesabu, wa pili huhesabu tena, wa tatu huandika. Kisha fedha hukabidhiwa mtunza hazina, naye hutia sahihi yake kwamba amepokea kiasi hicho. Mwisho wa mwaka huchaguliwa watu wengine, wasiokuwa wale wa kwanza, wavikague vitabu vyake na kusoma habari zake mbele ya mkutano. Mgeni akiitazama desturi hii aweza kuuliza: Je, ninyi hamwaminiani? Nyote ni ndugu. Ya nini mikono mingi namna hii kwa kikapu kimoja?

Swali hilo si la mzaha, maana ndani yake mna swali lililo kubwa kuliko kikapu. Je, kumchunguza mtu ni kumdharau? Tena, je, mtu mmoja, hata akiwa mwema, aweza kupewa kazi ya kugawa mali ya watu pamoja na kazi ya kuwachunguza wagawaji? Nataka tulifikiri neno hili kwa kutazama mambo ya jirani zetu wa Kenya, ambao wameshindana juu yake miaka mingi barazani na mahakamani. Jirani akijenga nyumba, mwenye busara huenda kuutazama msingi, kwa kuwa kesho naye atajenga.

Katiba mpya ya Kenya ilitangazwa tarehe 27 Agosti 2010, baada ya wananchi kuipigia kura mwezi huo huo. Neno lake la kwanza ni kwamba mamlaka yote ni ya wananchi. Wengine wote huyashika kwa niaba yao tu. Kisha ikaigawa kazi ya fedha kama vile wazee wetu wanavyoigawa kazi ya kikapu. Bunge hukata shauri ni kiasi gani kitumike na kwa kazi gani. Mdhibiti wa Bajeti huangalia kama fedha zatolewa katika hazina kwa haki ya sheria. Serikali kuu na serikali za kaunti 47 huzitumia. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu huchungulia vitabu, naye ameagizwa atoe habari yake kabla ya kupita miezi sita tangu mwaka wa fedha kuisha. Habari hiyo hurudi Bungeni, na wabunge huwauliza watumiaji: Mmefanya nini na mali ya watu? Basi mbunge yupo mwanzo wa njia, wakati wa kugawa mafungu, tena yupo mwisho wake, wakati wa kuuliza. Katikati, mahali pa kutumia, hakuwekwa.

Lakini kabla ya katiba hiyo kuandikwa palikuwa na jambo lingine ambalo watu walikuwa wamekwisha kulizoea. Mwaka 2003 Bunge la Kenya lilitunga sheria ya Mfuko wa Maendeleo wa Maeneo Bunge. Sheria ilisema kwamba katika kila shilingi mia za mapato ya kawaida ya serikali, shilingi mbili na senti hamsini zipelekwe katika maeneo ya uchaguzi, zijenge madarasa, zahanati, visima na madaraja, na kuwalipia karo watoto wa maskini. Mbunge mwenyewe aliwekwa kuwa mwenyekiti wa kamati ya mahali pake, isipokuwa akikataa. Sheria zilizofuata, ya 2013 na ya 2015, zilimsogeza nyuma kidogo, lakini machoni pa watu mfuko ulibaki kuwa mfuko wa mheshimiwa.

Tarehe 8 Agosti 2022 Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua kwamba ile sheria ya 2013 haikupatana na katiba, kwa sababu ilichanganya kazi ya mtunga sheria na kazi ya mtendaji, tena ilivuruga mgawanyo wa kazi na fedha kati ya serikali kuu na kaunti. Mwezi wa Septemba 2024 Mahakama Kuu ilitoa hukumu ya namna hiyo juu ya sheria ya 2015, ikaweka tarehe 30 Juni 2026 kuwa mwisho wa mfuko huo. Wabunge hawakunyamaza. Walileta mswada wa kuibadili katiba yenyewe, ili mfuko wa maeneo bunge uandikwe humo, pamoja na mfuko wanaousimamia wawakilishi wanawake wa kaunti, na mfuko wa kuwawezesha maseneta kuzichunguza kaunti. Bunge la Taifa liliupitisha mswada huo mwezi wa Julai 2025, kisha ukapelekwa katika Seneti.

Basi, tusifanye haraka kuhukumu. Kwanza yatupasa kuwasikiliza wale wautakao mfuko huu, maana maneno yao yana uzito.

Wao husema hivi: Miaka mingi fedha za nchi zilikaa mji mkuu, na mtu wa mbali alizisikia tu kama asikiavyo ngoma ya kijiji kingine. Barabara zilifuata nyumba za wakubwa. Mfuko huu ndio uliofika kwanza mahali ambapo afisa wa wizara hajafika. Mama mjane, mwenye mtoto aliyefaulu mtihani na kukosa karo, aende wapi? Elimu ya sekondari ni kazi ya serikali kuu, wala si ya kaunti. Kaunti zilipewa shule za watoto wadogo na vyuo vya ufundi vya vijijini. Basi mama huyu akienda kwa gavana ataambiwa kwamba si kazi yake. Akienda wizarani hapajui hata mlango. Lakini mbunge wake amjua, na jina la mtoto laandikwa katika orodha. Je, mwataka kumfukuza mtoto darasani kwa ajili ya maneno ya wanasheria?

Neno hili lisidharauliwe. Mtu ambaye hakupata kuuza mbuzi wake wa mwisho kwa ajili ya karo asiwe mwepesi wa kulijibu. Wakati hukumu inapotolewa mjini, ni mtoto wa kijijini atakayeketi nyumbani ikiwa njia nyingine haijafunguliwa. Kwa hiyo mimi sisemi kwamba karo ya mtoto yule ni mbaya. Swali langu ni hili: Je, ile karo ilikuwa zawadi au haki?

Hapo ndipo ninapoona shina la jambo lote. Fedha za mfuko hazikutoka katika mfuko wa kanzu ya mbunge. Zilitoka katika kodi. Mama yule alizilipa aliponunua sukari na sabuni. Zilikuwa zake kabla hazijafika mkononi mwa kamati. Lakini zinapomrudia kwa mkono wa mtu anayemwomba kura, hazirudi kama mali yake. Hurudi kama hisani. Naye, kwa kuwa ana adabu, hushukuru. Akishakushukuru, atawezaje kukuuliza? Miaka mitano ikipita, mbunge aweza kuwa hakunena neno lolote barazani juu ya bei ya mbolea, wala juu ya wizi wa dawa hospitalini, lakini mama atasema: Huyu alinisomeshea mtoto. Uwakilishi maana yake ni kwamba mtumishi atoe hesabu kwa bwana wake. Hapa bwana amegeuzwa kuwa mwombaji mlangoni pa mtumishi, wala hakuna aliyetumia nguvu kumgeuza. Aligeuzwa kwa wema.

Tena tumkumbuke mama wa pili, ambaye hatajwi sana. Mtoto wake naye alifaulu, lakini mumewe alijulikana kuwa mtu wa upande ulioshindwa katika uchaguzi. Hakuna sheria inayosema jina lake lisiandikwe. Labda litaandikwa, wako wabunge wa haki. Lakini likikosekana katika orodha, atamshitaki nani kwa nani? Mtu wa kumtetea mbele ya serikali ni mbunge wake, naye ndiye ambaye watu wamwona kuwa mwenye orodha. Hivyo mlango wa kupeleka malalamiko umekuwa mlango ule ule uliofungwa.

Wengine husema: Tatizo si mpango, tatizo ni watu, chagueni watu wema, basi. Kwa hao nitasimulia jambo nililoliona katika ujana wangu. Katika usharika mmoja palikuwa na mzee aliyeshika ufunguo wa sanduku na kitabu cha hesabu pamoja. Hakujitwalia, wajuao kuandika walikuwa wachache, naye alikuwa mwaminifu, kwa hiyo sote tuliona kuwa ni heri. Mwaka mmoja tulinunua mabati ya paa, na fedha zikaonekana kupungua. Labda bei ilipanda, labda mchukuzi alidanganya, labda mzee alikosa katika kujumlisha. Hakuna aliyeweza kujua, kwa kuwa hapakuwa na karatasi ya pili ya kulinganisha na ile ya kwanza. Mzee aliapa kwamba hakuchukua hata senti moja, nami namsadiki hata leo. Lakini maneno yalimfuata sokoni na kisimani. Akaacha kuja mikutanoni, na watoto wake wakaona haya kupita njiani. Tulimdhulumu mzee yule. Tulimwacha peke yake na fedha zetu, kisha tukamlaumu kwa upweke tuliompa sisi wenyewe.

Tangu siku hiyo sikubali tena kusikia kwamba ukaguzi ni dharau. Ukaguzi ni ngao ya mtu mwaminifu. Mwizi haupendi, hilo twalijua. Lakini mwenye haki ndiye auhitajiye zaidi, kwa kuwa pasipo huo hana njia ya kuonyesha haki yake. Mtume Paulo, alipokusanya changizo kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu, hakutaka kulichukua peke yake; alifuatana na watu waliochaguliwa na makanisa, ili asiwepo mtu wa kumlaumu. Ikiwa yeye aliona vema kujilinda hivyo, hakuna mheshimiwa yeyote wa siku hizi anayetukanwa akiambiwa: Ondoa mkono wako katika kugawa, ili jicho lako liwe huru kuchunguza.

Kwa sababu hiyo, naona kwamba ile mifuko mitatu ya mswada haina uzito mmoja. Mfuko wa kuwawezesha maseneta kuchunguza, ukitumika hivyo tu, una maana yake. Katiba iliiagiza Seneti izilinde kaunti na kuchunguza fedha zilizopelekwa huko. Na mlinzi wa usiku ahitaji taa na mafuta. Kumpa mlinzi taa si kumpa ufunguo wa ghala. Lakini mfuko wa kujenga na kulipa karo ni nafaka yenyewe. Mambo haya mawili yakifungwa katika mtumba mmoja, mwananchi hawezi kuchagua. Ataambiwa twaa yote au acha yote.

Jambo la kufunga mambo mengi pamoja lilionekana Kenya hata kabla ya hapo. Mswada wa mwaka 2020, uliojulikana kwa jina la BBI, ulitaka kuongeza maeneo bunge kutoka 290 hadi 360, tena ukaahidi kwamba fungu la kaunti lisipungue asilimia 35 ya mapato, badala ya asilimia 15 iliyoandikwa katika katiba. Ahadi ya pili ilimfurahisha mwananchi, na viti vipya viliwafurahisha waliotaka kuvikalia. Mahakama tatu ziliuchunguza mmoja baada ya mwingine, na tarehe 31 Machi 2022 Mahakama ya Juu iliuzuia, kwa kuwa ulianzishwa na Rais kwa njia ambayo katiba iliwaachia wananchi. Hapo twajifunza kwamba katika kubadili katiba hatuulizi tu: Je, jambo ni jema? Twauliza pia: Ni nani alileta, na atapata nini likipita?

Lakini msifikiri kwamba nasema haki hupatikana kwa kutenganisha mikono tu. Mikono ikitenganishwa, bado pana swali la kipimo: fungu la kila mmoja liwe kiasi gani? Mwaka 2020 Seneti ya Kenya ilishindwa mara nyingi kupatana juu ya kanuni ya kuzigawia kaunti fedha. Kaunti zenye watu wengi zilisema: Mtu mmoja, kura moja, shilingi moja. Kaunti za nchi kavu, zenye watu wachache na eneo kubwa, zilijibu: Kwetu mgonjwa husafiri siku nzima kufika hospitali, je, kilomita zetu hazihesabiwi? Pande zote mbili zilikuwa na haki. Mwezi wa Agosti maseneta watatu walikamatwa na polisi katikati ya mabishano hayo. Mwisho, tarehe 17 Septemba 2020, wakapatana, na mapatano yenyewe yalitegemea ahadi kwamba fungu lote la kaunti litaongezwa katika mwaka wa fedha uliofuata, kutoka shilingi bilioni 316.5 hadi bilioni 370, ili isiwepo kaunti ya kupata hasara.

Mabishano yale yaliwachosha watu, na wengine wakawacheka maseneta. Mimi siwacheki. Walibishana hadharani, kwa hesabu, juu ya kanuni inayohusu wote. Aliyepata alijua kwa nini amepata, na aliyekosa alijua kwa nini amekosa, naye aweza kuja tena na hoja. Hakuna kaunti iliyolazimika kupiga magoti. Heri mabishano marefu juu ya haki kuliko shukrani fupi juu ya hisani.

Basi tumjibu nini yule mama wa kwanza? Tusimjibu kwa maneno matupu. Ikiwa karo ni haki ya mtoto maskini, na ipelekwe shuleni kwa kanuni iliyoandikwa, inayosomeka ukutani, ili mtoto aipate bila kujulikana na mkubwa yeyote. Majina na mafungu yatangazwe. Atakayekosa awe na mahali pa kulalamika, na mahali hapo pasiwe kwa yule yule aliyemnyima. Tena, njia hiyo ifunguliwe kabla ya ile ya zamani kufungwa. Wanaotaka mfuko ukome, wasipojishughulisha na jambo hili, watakuwa wameitunza katiba na kumsahau mtoto. Na wanaotaka mfuko udumu, wakimweka mtoto mbele yao kama ngao, watakuwa wamemtumia mtoto na kuisahau katiba.

Najua mtu atasema: Hata kaunti huiba, hata wizara huiba; kwa nini mbunge tu aondolewe? Ni kweli, wizi haukai ofisi moja. Lakini gavana akiiba, lipo baraza la kaunti la kumwuliza, na Seneti juu yake. Waziri akiiba, lipo Bunge. Mbunge akiwa mgawaji, anayebaki wa kumwuliza ni nani? Mkaguzi Mkuu ataandika habari yake, nayo itapelekwa mezani pa Bunge, yaani mezani pa wagawaji wenyewe. Macho yatakuwa yanajitazama katika kioo.

Wala sisi wa upande huu wa mpaka tusijione kuwa watazamaji tu. Tanzania ilitunga sheria ya Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo mwaka 2009, na maswali niliyoyataja yauhusu huo pia. Tena, rasimu ya katiba iliyoletwa na tume ya Jaji Joseph Warioba mwishoni mwa mwaka 2013 ilipendekeza kwamba waziri asiwe mbunge, kwa sababu ile ile: mtu hawezi kukaa vema kwenye kiti cha kuulizwa na kwenye kiti cha kuuliza kwa wakati mmoja. Bunge Maalum likapitisha katiba inayopendekezwa mwaka 2014, na kura ya wananchi iliyopangwa kuwa tarehe 30 Aprili 2015 ikaahirishwa. Swali halikuahirishwa pamoja nayo.

Basi, ndugu zangu, siku mtakapoitwa kutoa maoni juu ya katiba, au kupiga kura, au hata kuchagua mtunza hazina wa chama cha mazishi, msiulize tu kama mtu ni mwema. Ulizeni: Ufunguo u kwa nani? Kitabu ki kwa nani? Na nani atakisoma kitabu mbele yetu? Wakiwa ni watu watatu, mtu mwema kati yao atalala usingizi. Akiwa ni mmoja, mwombeeni sana, kisha mpeni wenzake wawili.